Mlio wa Ndiva Hewani

Baba yangu alikuwa mpuliza pembe wa kitongoji chetu, kule juu ukipandisha kutoka Makanya kwa njia ya Suji. Haikuwa kazi ya mshahara. Pembe yenyewe ilikuwa ya tandala, nyeusi kwa kushikwashikwa, na ilikaa nyumbani kwetu tangu enzi za babu yake. Siku ya msaragambo, yaani ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe lake, baba alitoka kumepambazuka, akasimama kwenye jiwe nyuma ya nyumba na kupuliza milio mifupi minne. Watu wakajua leo tunazibua mfereji au tunaparua barabara. Asiyefika alitozwa faini, na asidhani ingesahaulika. Sisi Wapare kusahau hatukujaliwa.

Kulikuwa na mlio wa pili, wa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo wazee walilichimba mlimani kukusanya maji ya kijito. Mdomo wake huzibwa kwa gogo na udongo jioni, maji yanajaa usiku, asubuhi linafunguliwa na maji yanateremka mashambani kwa zamu. Wakati wa masika mvua inatosha mashamba, mdomo haufunguliwi, na kingo hulowa zikaanza kuachia. Likipasuka linazoa mahindi, maharage, ndizi, na nyumba zilizo chini yake pia. Basi mlio wake ulikuwa mrefu, wa pili mrefu tena, wa tatu unapanda halafu unakatika. Ukiusikia huulizi. Unaacha chungu mekoni, unamwacha mgeni kwenye kigoda, unashika jembe unakimbia. Utotoni mwangu niliusikia mara mbili tu. Mara ya pili namkumbuka mama akipandisha mlima na mdogo wangu mgongoni, mikono yote imejaa unga.

Mlio huo haukufanyiwa mazoezi. Ungefanyaje mazoezi ya mlio ambao watu wakiusikia wanakimbia? Aliyerithi alifundishwa kwa kunong'onezwa na baba yake ndani ya nyumba, bila pembe, mpaka aushike kichwani. Siku ya kwanza kuupuliza kwa sauti ilikuwa siku ya hatari yenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa nirithi. Nilipofika miaka kumi na tisa baba aliniita chumbani, akakaa kitandani, akaniambia nikae karibu yake aninong'oneze. Nikamjibu, na hadi leo nikikumbuka natamani kujipiga kibao, nikamjibu kwamba pembe haina soko. Nilikuwa nimeshaonja gitaa. Shamba la mkonge huko tambarare lilikuwa na bendi yake, na mpwa wa mwalimu wetu alikuwa amenipeleka nikawasikia. Kesho yake nikafunga nguo zangu kwenye shuka nikateremka.

Baba hakunifukuza wala hakunilaani. Alininyamazia. Kila nilipopanda kuwaona, Krismasi au msibani, nilimpa shikamoo akaitikia marahaba, basi. Mama ndiye aliyeniuliza habari za kazi, baba akiwa amekaa palepale anakula makande yake. Miaka tisa ya marahaba! Wengine baba zao waliwachapa wakawasamehe siku hiyohiyo. Mimi nilipewa heshima zote za mgeni.

Maisha ya shambani yalikuwa mazuri kwa muda, kisha yakawa magumu kama yalivyokuwa magumu kwa kila mtu. Ilikuwa ile miaka ya foleni za sabuni na sukari. Nyuzi za gitaa hazikuonekana dukani, tukawa tunafumua waya wa breki za baiskeli na kuukaza kwenye gitaa, vidole vinatoka damu. Watu walikuja kucheza hivyohivyo, wafanyakazi kutoka kila kona ya nchi, Waha, Wabena, Wanyamwezi, na sisi wachache wa mlimani. Halafu ikaja ruksa, biashara zikaachiwa huru. Maduka yakajaa vitu, mitumba ikamwagika Same stendi, na papo hapo shamba likaambiwa linauzwa. Mtambo wa mkonge ukanyamaza. Wafanyakazi wakaondoka na masanduku yao, na bendi ikabaki haina wa kumpigia.

Tulibaki watatu tukahamia Same mjini, tukapiga kwenye baa ya karibu na stendi. Mpiga besi wetu alikuwa Mnyamwezi, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Yeye ndiye nimlaumu au nimshukuru, sijui, maana yeye ndiye aliyeleta habari ya redio.

"Mpare," aliniambia siku moja mchana, tukiwa tunakausha spika juani, "kuna kituo kipya Moshi, cha watu binafsi. Wanakutanisha bendi mbili zisizofanana, wanazifungia siku mbili, ya tatu zinapiga wimbo mmoja upya, hewani, papo kwa papo. Nimetuandikisha."

"Umetuandikisha bila kuuliza?"

"Ningekuuliza ungetaka kujua kwanza chai atalipa nani."

Nilicheka, lakini moyo ulikuwa umeshapaa. Mlimani kwetu mawimbi ya kituo hicho yalifika vizuri kuliko hata pale Same. Mwenye duka wa kitongojini, aliyekuwa amefaidi ruksa kuliko sote, alikuwa na redio kubwa, betri ya gari, na spika ya mdomo mpana kama zile za mikutano ya injili, ameitundika juu ya mlango. Akiifungulia inasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Nikawaza: baba hatakuja kamwe kwenye baa. Lakini dukani anapita kila siku kununua tumbaku. Akinisikia hewani, mtangazaji anataja kitongoji chetu, watu wote wanageuka kumtazama, atabaki na marahaba yake kweli?

Hilo tu ndilo nililolitaka. Sikutaka umaarufu, na wanaosema niliutaka hawakunijua. Nilitaka baba aniambie neno la pili.

Nilimtumia mama salamu kwa akina mama wa tangawizi waliokuwa wakirudi kutoka gulioni. Nikawarudishia maneno mara mbili kuhakikisha wameshika: Jumatano, saa kumi alasiri, dukani, na wamfikishe baba kwa njia yoyote ile. Mmoja akaniambia, "Baba we, hata kama ni kwa kumbeba."

Moshi tuliwakuta wenzetu. Vijana wanne wa roki, watoto wa mjini, nywele wamefunga nyuma, suruali zimechanwa magotini kwa makusudi. Sisi tuliochanikiwa kwa shida tulikuwa tumeshona za kwetu. Nilijiambia hapa hamna kitu. Lakini walipochomeka magitaa yao, jamani! Mpiga solo wao alikuwa na kidude cha mguuni, wao wakakiita distoshen, ukikikanyaga gitaa linatoa sauti ya kukwaruza, nene, haikatiki upesi. Nilikuwa nimeisikia kwenye kaseti, sijawahi kuikanyaga mwenyewe.

Walichagua wimbo wetu ndio ufanyiwe kazi. Ulikuwa wimbo wangu wa tangu shambani, juu ya watu wanaosubiri zamu ya maji. Sisi tuliupiga taratibu, wa kucheza wawili wawili. Wao wakaupiga mbio, ngoma zinadundwa kwa hasira, na nakiri ulipendeza. Mnyamwezi aliingiza besi yake katikati kwa utulivu, kama mtu anayekatiza kwenye ugomvi wa wengine, na vijana wakawa wanamtazama kwa heshima. Tatizo lilikuwa mwanzo. Haukuwa na mwanzo.

"Braza," akasema yule wa solo, "huko kwenu hakuna kitu cha kuanzia? Ngoma, filimbi, chochote?"

Nikamwomba kile kidude. Nikajaribu mlio wa msaragambo, ile mifupi minne. Kwenye gitaa ilitoka kama kengele ya baiskeli, wakacheka. Nikakanyaga tena. Vidole vyangu, sikuvituma, vikavuta ule mwingine. Mrefu. Wa pili mrefu. Wa tatu unapanda halafu unakatika. Gitaa lilinguruma hasa kama pembe ya tandala, tena kuliko pembe. Mpiga ngoma alinionyesha mkono wake, malaika wamesimama.

"Hiyo!" akapiga kelele yule wa solo. "Hiyohiyo, braza! Tunaanza nayo!"

Mnyamwezi ndiye peke yake ambaye hakufurahi. Aliwahi kupanda na mimi nyumbani, msibani kwa shangazi, na mama alimsimulia habari za ndiva. Alisubiri vijana watoke kuvuta sigara.

"Hiyo si ile ya hatari?"

"Ni muziki tu."

"Nakuuliza, si ile ambayo hamuijaribu?"

"Wewe Mnyamwezi unajua nini cha Upareni?" nilimjibu kwa ukali. "Huko wanajua redio ni redio. Mtangazaji atasema kabisa ni wimbo."

Akainua mabega, akarudi kwenye besi yake. Hakusema tena, na mimi sikuwaza tena. Nasema kweli, kama kuna jambo linaloniuma ni kwamba nilikuwa na siku mbili nzima za kuwaza. Ilikuwa masika. Nilijua ni masika, tulifika Moshi tumelowa chapachapa. Nilijua mwenye duka anafungulia spika mpaka ng'ambo ya bonde. Ndiyo sababu nilifurahi. Na nilijua kwamba mtu aliye bondeni hasikii maneno ya mtangazaji, anasikia tu kile kinachobebwa na upepo. Yote niliyajua, kila moja kivyake. Sikuyaweka pamoja kwa sababu nilimwona baba tu, amesimama dukani na tumbaku yake, anakijua kitu changu kuwa ni chake. Niliona mlio ule ndio utakaomfikia. Wimbo wa baa usingemgusa.

Jumatano ilipofika saa kumi, tulikuwa tumejipanga kwenye chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani, jasho linatiririka. Mtangazaji, kijana mwenye sauti tamu, akatutambulisha, akataja Same, akataja kitongoji chetu kama nilivyomwandikia kwenye karatasi. Akasema, "Ikienda hewani imekwenda, hairudi. Haya, karibuni." Nikakanyaga kidude nikavuta mlio.

Sijawahi kupiga vile tena. Mlio wa tatu ulipokatika ngoma ziliingia, nikahisi miguu haigusi sakafu. Tulipiga dakika saba. Tulipomaliza simu ya kituo ililia, watu wa Moshi, watu wa Himo, wanataka kujua ni nani hao. Vijana walinikumbatia. Mnyamwezi alinipa mkono, akasema, "Umepiga, bwana," na mimi nikamwambia, "Umeona? Kumbe ulikuwa unaogopa bure."

Tulirudi Same kesho yake. Nilishuka stendi gitaa begani, najiona. Mama mmoja wa nyumbani, muuza ndizi, akaniona kwa mbali akaacha biashara yake akanijia mbio, akanishika mikono yote miwili.

"Hongera, baba! Umetuokolea ndiva! Mungu akubariki, wewe ni mtoto kweli wa yule mzee!"

Sikuelewa. Akanisimulia akihema. Jana saa kumi mlio wa ndiva ulilia, watu wa bondeni wakatupa walichoshika wakapanda na majembe. Walipofika juu wakakuta kweli mdomo wa ndiva umefunguka na maji yanakula kingo. Wakaziba kwa udongo na migomba, jua linazama ndio wanamaliza. Kuja kuulizana nani aliyepuliza, mwenye duka anaapa ni redio, ni mimi niliyepuliza kutoka Moshi. Watu wakashika vichwa. Mchungaji akasema Mungu anatumia chombo anachokitaka. Eti niliihisi ndiva nikiwa mbali, damu ya wapuliza pembe ilinishitua, nikapiga.

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Ndipo akapunguza sauti.

"Pole na baba. Yeye ndiye aliyetangulia kufika, akateleza. Tulimkuta kwenye tope. Wamemlaza hospitali hapa Same, tangu jana."

Nilimwachia gitaa langu palepale kwenye ndizi zake nikakimbia.

Baba alikuwa amevunjika nyonga. Alikuwa amelazwa chali, mguu umefungwa na kuning'inizwa uzito, uso umekuwa mdogo. Mama alikuwa ameketi chini pembeni anachambua mchele kwenye ungo, kama yuko nyumbani. Nikampa baba shikamoo.

"Marahaba," akasema. Halafu akamwambia mama aende akamtafutie chai. Mama alisita, maana chai ilikuwa hapo kwenye chupa, lakini akanyanyuka. Tulipobaki wawili baba akanionyesha ukingo wa kitanda. "Kaa."

Nikakaa.

"Nilikuwa dukani," akasema. "Mama yako alinisumbua tangu asubuhi. Mwenye duka akanipa kigoda chake mwenyewe, chini ya spika. Nikasikia umetajwa. Watu wakanitazama, nami nikajivuna, kwa nini nisijivune? Kisha ukapuliza."

Aliliita gitaa kupuliza. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

"Mimi nilijua ni wewe. Na wale tuliokuwa nao walijua, wakacheka, wakasema kijana kaiba mlio wa baba yake. Lakini nikatazama bondeni. Naona watu wanatoka. Mmoja, wawili, halafu njia nzima. Majembe mabegani. Naona mjane wa jirani, yule mwenye miguu mibovu, naye anapanda."

Alipumzika. Kifua chake kilikuwa kinakoroma.

"Nikawaza, watafika juu watakuta maji yametulia. Watacheka leo. Siku likipasuka kweli, mimi au nani atapuliza, wao watauliza kwanza, je, si redio? Wakati wanauliza, nyumba zimekwenda. Kwa hiyo nikawaambia wale wa dukani nakwenda kuwarudisha watu. Duka liko juu, nawe unajua, nikawatangulia. Nikachukua jembe la mwenye duka."

Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaelewa.

"Nikang'oa gogo. Likakataa, nikachimba ukingo kidogo pembeni yake, likaachia. Nilitaka kidogo tu, wakute kazi. Ukingo umelowa, mimi nimezeeka. Nikaenda nao chini."

"Baba," nikasema. "Baba, nisamehe. Nisamehe, baba."

"Nyamaza, watu wanakusikia. Mama yako nimemwambia niliteleza, na kweli niliteleza. Usimwambie mtu. Ukiwaambia, mlio umekufa, na mimi nimevunjika bure."

Nililia mbele yake, mwanaume wa miaka ishirini na minane, wagonjwa wa vitanda vya jirani wanageuza nyuso kunistahi. Alisubiri nimalize. Kisha akaniambia neno ambalo sikulitarajia hata kidogo.

"Ulipiga vizuri. Lakini wa tatu uliuanza chini mno. Sogea."

Nikasogea mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake, na baba akaninong'oneza mlio wa ndiva, ule alionitaka nijifunze miaka tisa nyuma. Pumzi yake ilikuwa na joto la homa. Akaurudia mara tatu, kila mara akikaza hapo kwenye wa tatu, kisha akanitaka mimi nimnong'oneze yeye. Nilikosea. Akaurudia tena. Nilipoupata akafumba macho, akasema, "Haya, sasa chai."

Alikaa pale wiki tano. Nilikwenda kila siku, na kila siku alizungumza nami. Alinieleza mipaka ya shamba, nani alizuiana na nani zamu ya maji miaka ya njaa, alivyomchumbia mama, alivyowahi mwenyewe kutoroka akaenda kukata mkonge miezi mitatu na babu akamfuata kwa miguu. Aliniuliza hata habari za gitaa, kama nyuzi ni za chuma au za mshipa. Nilipata nilichokuwa nakitaka, tena tele. Hakuna siku niliyotoka pale bila kutamani nisingekipata, aendelee tu kuniambia marahaba akiwa mzima kwenye kigoda chake.

Mafua yalimwingia kifuani na hayakumwachia. Alikufa asubuhi, mama akiwa amekwenda kuchota maji ya kumwosha uso.

Tulimpandisha kwa gari mpaka barabara ilipoishia, kisha watu wakampokea mabegani. Mnyamwezi alikuja, na wale vijana wa roki walikuja pia, wamevaa mashati ya mikono mirefu waliyoazima, nywele zao zimefichwa ndani ya kofia. Walibeba jeneza kwa zamu kwenye ule mwinuko bila kuambiwa. Mvua ilikuwa imekatika. Watu walijaa kuliko msiba wowote niliowahi kuuona kwetu, na wengi wao walikuja na majembe, ndiyo desturi, kaburi tunachimba wenyewe.

Baada ya kuzika, mwenyekiti wa kitongoji alisimama. Alimsifu baba kwa muda mrefu. Akasema mzee alikufa akiwahi maji, kama askari. Halafu akanigeukia mimi, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka lakini huyu wetu ni mtoto wa pembe, watu wakacheka katikati ya machozi. Akasema nimewaonyesha kwamba hata mtu akienda mbali hajaenda. Akasema bila mimi, siku ile ndiva ingepasuka na hapa tungekuwa tunazika wengi. Mjane mwenye miguu mibovu akapiga kigelegele. Wakaitikia, "Asante! Asante!" na mchungaji akasema amina.

Nikaambiwa nizungumze kwa niaba ya wafiwa. Nilisimama kando ya udongo mbichi. Nilimtazama Mnyamwezi, naye ndiye pekee aliyenitazama kwa namna ile. Nadhani alikwisha jumlisha mwenyewe, ila hajawahi kuniuliza hadi leo. Ulimi ulikuwa umeshalishika neno. Nilitaka kusema ndiva haikuwa na shida yoyote. Nilitaka kusema ni mimi niliyemuua. Ningesema hivyo ningepumua, nilikuwa na hakika, hata kama wangenipiga mawe.

Nikawatazama. Tope lilikuwa bado mbichi kwenye majembe yao. Nyuma yao, juu, ndiva ilikuwa imejaa, na mahali walipoziba siku ile paliota majani machanga.

"Asanteni kwa kumzika baba," nikasema. "Na asanteni kwa kukimbia siku ile."

Nikakaa. Mama akanipapasa mgongo, akaniambia nilie tu, kumpoteza baba si jambo dogo.